Lami mpya, nyufa pembeni: aulizwe mkandarasi au udongo?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, tuliwekewa lami miaka 3 iliyopita. Malori hayapiti, ni bajaji na magari madogo tu. Lakini kila kiangazi inatoka mipasuko mirefu pembeni, na mvua zikianza panakuwa mashimo. Watu wanasema mkandarasi kapunja lami. Tutajuaje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kupunja kupo, siwezi kumtetea mtu nisiyemjua. Ila ufa una lugha yake. Barabara iliyozidiwa na uzito huumia pale matairi yanapopita: inabonyea, kisha inatoa nyufa ndogondogo zilizosukana kama ngozi ya mamba. Barabara kuu zenye malori mazito ndizo hupata shida hiyo ya uzito, maana ekseli (mhimili unaobeba magurudumu) ya tani 12 huiumiza lami zaidi ya mara 2 ya ile ya tani 10. Kwenu malori hayapo, na ufa unafuata ukingo. Mimi ningeanza na udongo.

Sehemu nyingi za Dodoma zina ule mfinyanzi mweusi wa mbugani. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka hadi mkono unaingia. Katikati ya barabara lami inaufunika, unyevu haubadiliki sana. Pembeni unakauka kuanzia Mei hadi Novemba, kisha unaloweshwa ghafla. Ukingo unashuka na kupanda, lami inachanika, maji yanaingia kwenye tabaka la kifusi na kulilainisha. Shimo mnaloliona Januari lilianza Septemba. Na kama kuna miti imepandwa hatua 2 tu kutoka kwenye lami, nayo inafyonza unyevu uleule.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Yachimbwe mashimo mawili: moja palipoharibika, jingine palipo pazima jirani yake. Wengi huchimba palipoharibika tu, halafu hawana cha kulinganisha nacho. Kila tabaka lipimwe unene, sampuli ziende maabara kupimwa unyevu na uvimbaji. Kando yake kipigwe kile chuma chenye ncha, nyundo ya kilo 8 ikiangushwa kutoka milimita 575, mtu anasoma kimezama kiasi gani kila pigo. Kazi hiyo ifanyike mvua zikiwa zinaisha. Kiangazi karibu kila tabaka huonekana gumu.

Unene ukiwa sawa kote, lakini palipoharibika kuna unyevu zaidi na chuma kinazama haraka, kosa ni maji na udongo. Hapo mabega ya barabara, yaani ule ukanda wa pembeni ya lami, yazibwe maji yasipenye, na mtaro usogezwe mbali na ukingo. Tabaka zikiwa nyembamba kuliko mchoro wa ujenzi unavyotaka kote kuwili, basi muulizeni mkandarasi, na aliyemsimamia pia.

Mkiwaandikia TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ambatisheni picha za nyufa za Septemba au Oktoba, zenye tarehe. Na waombeni wazizibe kwa lami ya maji kabla ya Desemba.