Eti jina Naisi maana yake ni mjinga?

SWALI: Habari zenu wahariri, mi msomaji wenu wa hapa Uyole, Mbeya. Binti yangu anaitwa Naisi, yuko kidato cha pili, juzi karudi shule analia, mwenzake kasoma kwenye simu eti naisi maana yake mjinga. Mimi na baba yake tulimpa hilo jina kwa mapenzi kabisa tukijua ni mzuri kwa kizungu, sa hivi anataka tukambadilishie kwenye cheti cha kuzaliwa. Ni kweli au kadanganywa? Mama Naisi.

JIBU: Mama Naisi pole sana, na binti mpe pole yake. Mwenzake hajadanganya ila kasoma mstari wa kwanza tu akafunga simu. "Nice" asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua, ne ni kukanusha na scire ni kujua, likapita kwa Wafaransa likiwa na maana ya mpumbavu, na Waingereza wakalipokea hivohivo kwenye miaka ya 1300. Afu likaanza kutembea. Kutoka mjinga likawa mtu mwenye aibu, likawa mtu wa kuchaguachagua, chakula hataki, nguo hataki, na mtu wa hivo si ndo anaona vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni, basi likawa neno la umakini, mpaka leo Mwingereza akisema "a nice distinction" anamaanisha tofauti ndogo inayotaka jicho kali. Hii ya kupendeza ilishika karne ya 18, na ya mtu mwema ikafuata nyuma yake.

Kuna neno lingine, "silly", ambalo leo ndo mjinga, lakini zamani lilikuwa aliyebarikiwa! Yaani hayo mawili yamepishana kama mabasi pale Kitonga, moja linapanda moja linashuka.

Na sisi tunafanya hayohayo kila siku. Mwezi wa saba hapo Uyole mtu akikuletea chai imepoa si unamrudishia jikoni, lakini ukiulizwa mambo unajibu poa na umefurahi kabisa. Mbwa mkali unamkimbia, gari kali unalitamani. Hakuna anayemwambia mtu jibu lako la poa maana yake umepoa kama chai, sababu neno linabeba maana ya wanaolitumia leo, na leo hakuna Mwingereza anayemwita mtu nice akiwa anamtukana.

Halafu mwambie binti na hili, mimi ndo linanifurahisha kuliko yote: ile scire, kujua, ndiyo hiyohiyo iliyozaa neno sayansi. Jina lake na somo la sayansi ni ukoo mmoja, akamwambie na huyo mwenzake.

Cheti msikiguse, mama.