Neva imeshonwa, mbona vidole bado vina ganzi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi seremala, Morogoro. Miezi miwili iliyopita msumeno wa umeme ulinikata juu kidogo ya kiganja, upande wa ndani. Neva ilishonwa siku ileile, lakini daktari alisema kipande cha upande wa vidole lazima kife kwanza. Kife vipi wakati damu inafika? Kidole gumba, cha shahada na cha kati havihisi kitu. Kuna jamaa ananiuzia vidonge vya vimeng'enya, anasema vinafufua neva. Ninunue?

JIBU: Marahaba, fundi, na pole sana. Usinunue. Daktari wako alikueleza kweli, na swali lako la damu ni zuri mno.

Neva ni kifungu cha nyuzi nyembamba. Nyuzi zinazohisi kwenye vidole vyako ni mikia mirefu ya seli zilizo shingoni, kando ya uti wa mgongo. Damu huleta sukari na oksijeni, lakini protini nyingi za uzi hutengenezwa huko shingoni na kusafirishwa hadi kidoleni. Mojawapo ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho NMNAT2. Kazi yake ni kuunda NAD, kemikali ambayo uzi ukiikosa hauwezi kuzalisha nguvu. Shida ni kwamba NMNAT2 haidumu, huvunjika ndani ya saa chache, hivyo lazima kiletwe kingine kila wakati. Uzi ukikatwa, mzigo haufiki tena. NAD inapungua, malighafi yake inarundikana, na hapo huamka kimeng'enya kingine, SARM1, ambacho huteketeza NAD iliyobaki. Uzi unajibomoa wenyewe.

Mtafiti Mwingereza Augustus Waller aliliona bomoko hilo kwenye neva za ulimi wa chura mwaka 1850. Kwa zaidi ya karne watu waliamini uzi hunyauka tu. Kisha mwaka 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaeleza panya wa ajabu: nyuzi zao zikikatwa huishi wiki mbili au zaidi, badala ya siku moja au mbili. Panya hao wana protini iliyoungana na NMNAT1, ndugu wa NMNAT2, nayo hudumu ndani ya uzi na kushika zamu ya NMNAT2. Kwangu mimi huu ni ugunduzi mkubwa, kwa sababu kifo kinachofuata utaratibu kinaweza kuzuiwa.

Lakini si kwa vidonge vya huyo jamaa. Kimeng'enya ni protini. Ukikimeza, tumbo linakisaga kama maharage. Tena nyuzi zako za zamani zilishakwisha siku za mwanzo, na kuondoka kwao kunasafisha njia ya zile mpya. Wale panya wa Oxford, kwa kuwa nyuzi zao hazikubomoka upesi, neva zao zilichelewa kuota upya. Kinga ya kuzuia uzi usijibomoe inatafutwa zaidi kwa watu ambao neva zao zinaharibika bila kukatwa, kama wagonjwa wa kisukari na wanaotibiwa saratani. Panya wasio na SARM1 walipopewa dawa ya saratani ya vincristine, nyuzi zao zilinusurika. Dawa za kukizuia SARM1 kwa binadamu bado zinafanyiwa utafiti.

Kwako sasa ni subira yenye hesabu. Uzi mpya huota takriban milimita 1 kwa siku, baada ya wiki chache za kujipanga. Kutoka kovu lako hadi ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 18, basi usitegemee hisia za ncha kabla ya nusu mwaka, na mara nyingi huchukua zaidi. Daktari akigongagonga juu ya neva, utasikia kama umeme mahali nyuzi zilipofika, na mahali hapo panapaswa kusogea mbele mwezi hadi mwezi. Pasiposogea, usingoje: rudi kwa aliyekushona.

Nyoosha na kunja vidole kila siku kama ulivyofundishwa, viungo visikakamae. Na tafadhali, gundi ya moto, sufuria na msumeno vishike kwa mkono usio na ganzi. Mkono wenye ganzi huungua bila kukuambia, na kila jioni ukague kwa macho.