Jicho Vivu Ukubwani: Kabla ya Kuweka Waya Kisogoni

Mtu mzima mwenye jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo ulizoea kulipuuza tangu utotoni, amezoea jibu moja: umechelewa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na kwa miongo mingi matibabu ya jicho hili yalifuata msemo huo. Mtoto alizibwa jicho zuri kabla ya kutimiza miaka 7 au 8. Aliyepitwa na umri huo aliambulia miwani na pole. Wanasayansi Hubel na Wiesel, waliotunukiwa Nobel mwaka 1981, walikuwa wameonyesha kwamba mtoto wa paka akizibwa jicho moja katika majuma ya mwanzo, seli za ubongo zinazoshughulikia kuona huegemea jicho lililobaki wazi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba udongo ukishakauka haulowi tena.

Jicho lenyewe kwa kawaida ni zima. Makengeza, tofauti kubwa ya namba za miwani kati ya macho mawili, au mtoto wa jicho wa utotoni vilifanya picha zake zifike ubongoni zina ukungu au zinagongana na za jicho la pili, nao ubongo ukajifunza kuzinyamazisha. Njia za neva hazikukatika. Ndiyo maana kuna watu wazima waliopoteza jicho zuri, kisha lile vivu likaanza kuona vizuri zaidi. Kuchochea ubongo kutoka nje ya fuvu, kwa sumaku au kwa umeme, kunalenga kulegeza ukandamizaji huo kwa muda.

Njia zilizojaribiwa ni tatu. Ya kwanza ni sumaku: koili yenye umbo la namba 8 huwekwa kisogoni na kutoa mapigo mafupi yanayopenya fuvu bila maumivu makubwa. Mwaka 2008 watafiti wa Montreal, wakiwamo Benjamin Thompson na Robert Hess, walionyesha kwamba kikao kimoja huongeza kwa muda uwezo wa jicho vivu kutambua mistari myembamba iliyofifia. Mwaka 2013 Clavagnier na wenzake walitumia mapigo matatu matatu ya hezi 50 (kasi ya mapigo 50 kwa sekunde), yanayorudiwa mara 5 kwa sekunde hadi kufika 600 katika sekunde 40. Waliyafanya siku 5 mfululizo, na nafuu ikaonekana hadi siku ya 78. Waliopimwa walikuwa wachache, na hilo lisisahaulike.

Njia ya pili ni umeme mdogo wa mkondo mmoja, miliampea 1 hadi 2 kwa dakika 20 hivi. Ya tatu ni umeme huohuo ukibadilikabadilika bila mpangilio kati ya hezi 100 na 640. Ngozi huuhisi kidogo sana. Mashine ya sumaku ni ya hospitali na maabara, haina mjadala. Vifaa vya umeme ni vidogo na vina betri, na hapo ndipo watu hujiingiza wenyewe bila msimamizi. Tunasema wazi: usifanye hivyo. Marekani iliidhinisha sumaku kwa sonona mwaka 2008, lakini idhini hiyo haihusu jicho vivu. Mahali sahihi pa njia hizi zote ni kwenye utafiti ulioidhinishwa na kamati ya maadili, au kwa daktari anayefahamu macho na neva kwa pamoja.

Kabla ya yote hayo, anza na miwani. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu hesabu zote za mbele. Pimwa upya kwa matone ya kulegeza msuli wa jicho, vaa miwani kamili kutwa nzima, kisha subiri miezi minne hadi sita. Kuna watu wazima wanaoanza kusoma mistari zaidi ya chati kwa miwani pekee. Ukianza umeme juma lilelile ulilochukua miwani, hutajua kamwe ni kipi kilichokusaidia. Upimaji huo pia uthibitishe kwamba kweli ni jicho vivu. Jicho lililokuwa zima na sasa linafifia ukubwani si jicho vivu. Huo ni ugonjwa mwingine, na unatakiwa kuchunguzwa haraka.

Kisha weka msingi wa vipimo. Tumia chati ya logMAR, ubao wa kupimia macho wenye herufi 5 kila mstari, kwa umbali uleule, taa ileile na miwani ileile, jicho zuri likiwa limezibwa kwa kitu kisichopitisha mwanga, si kwa vidole. Kwa alama za chati hiyo, herufi moja ni 0.02, mstari mmoja ni 0.1. Pima siku tatu tofauti kabla ya kuanza, ukibadilisha chati ili usikariri. Mabadiliko yasiyofika mstari mmoja yahesabu kuwa ni kuyumba kwa kipimo. Usikubali kupimwa kwa herufi mojamoja: jicho vivu husoma herufi iliyo peke yake vizuri kuliko ileile ikizungukwa na nyingine, kwa hiyo ukianza na mstari na kumaliza na herufi moja utapata nafuu ya uongo. Ongeza kipimo cha herufi zinazofifia na kipimo cha kuona kina (kutambua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali), kwa sababu mara nyingi badiliko hujitokeza huko kwanza.

Siku ya kikao cha umeme, msimamizi akiwapo, mengi hutegemea mahali pa elektrodi, yaani vipande vinavyopitisha umeme kichwani. Pima kwa futi kamba kutoka kibonyeo kilicho kati ya paji na pua, kupitia utosini, hadi kinundu cha kisogoni. Chukua asilimia 10 ya urefu huo na upande nayo juu kutoka kwenye kinundu: kama ni sentimita 36, alama iko sentimita 3.6 juu, katikati kabisa. Hapo ndipo elektrodi chanya inapokaa. Ile hasi huwekwa utosini. Waya zikibadilishana, mkondo unaolengwa kuamsha huweza kutuliza badala yake. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko inavyokubaliwa, basi mtu wa pili akague rangi za waya kabla ya kuwasha.

Sponji ya elektrodi, ya sentimita 5 kwa 7, ilowe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 6 hivi kila upande. Ikikauka, umeme hujikusanya kwenye vitone vichache na kuunguza ngozi. Ikilowa mno, maji huchuruzika kwenye nywele na mkondo hupita juu ya kichwa bila kuingia ndani. Tenganisha nywele mpaka ngozi ionekane, futa mafuta taratibu, usikwangue: mchubuko ndio mlango wa kuungua. Ukinzani wa umeme unaoonyeshwa na kifaa uwe chini ya kiloomu 10 kabla ya kuanza. Miliampea 2 kwenye sponji hiyo ni takriban 0.06 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi kilichozoeleka katika tafiti. Mkondo uongezwe polepole kwa sekunde 30 na upunguzwe hivyohivyo. Ukikatwa ghafla utaona mwako machoni. Kuwashwa na kuchonyotwa kidogo ni kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja si kawaida: zima, tazama ngozi, lowesha upya.

Umeme peke yake haufundishi jicho kitu. Unalowesha udongo; kufinyanga ni kazi ya mazoezi, na athari ya kikao kimoja hupungua baada ya dakika kadhaa hadi saa chache. Kwa hiyo zoezi lifanyike wakati mkondo unapita na mara baada yake. Zoezi moja ni kutambua mistari inayofifia kwa jicho vivu pekee. La pili, ambalo tunalipa uzito zaidi, ni mchezo wa macho mawili: jicho vivu huonyeshwa picha kali, jicho zuri huonyeshwa sehemu nyingine ya picha iliyofifishwa, mara nyingi kuanzia asilimia 20 ya ukali, na kupandishwa kidogokidogo kadiri mchezaji anavyofaulu. Macho yote mawili yasiposhirikiana, mchezo haukamiliki. Spiegel na wenzake mwaka 2013 waliunganisha mchezo wa namna hii na umeme kwa watu wazima, na kuona kina kukaongezeka zaidi kuliko kwa mchezo peke yake. Mchezo usio na umeme, ukifanywa nyumbani, umewahi kushindwa kuishinda michezo bandia katika jaribio kubwa, kwa hiyo usiutarajie ufanye miujiza.

Wasiofaa kabisa kwa sumaku ni wenye chuma ndani ya kichwa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni, kidhibiti mapigo ya moyo, au historia ya kifafa. Taja dawa zako zote: tramadoli, bupropioni na baadhi ya dawa za sonona hushusha kizuizi cha degedege, wakati karbamazepini huweza kufuta athari ya umeme chanya. Kukosa usingizi na pombe ya jana yake ni sababu tosha ya kuahirisha. Na mashine ya sumaku hupiga kelele kali, hivyo vizibo vya masikio ni lazima.

Lakini hatari tunayoiogopa zaidi ni kuona vitu viwili viwili. Kwa mwenye makengeza, ukandamizaji ule ndio uliomkinga asione picha mbili maisha yake yote. Ukilegezwa na macho hayajanyooka, picha ya pili inaweza kujitokeza na kukataa kuondoka, na hilo humharibia mtu maisha kuliko jicho vivu lilivyowahi kumharibia. Kabla ya kikao cha kwanza, daktari apime kina cha ukandamizaji kwa vichujio vyekundu vinavyozidi kukolea. Ukandamizaji ukiwa hafifu tangu mwanzo, ushauri wetu ni kuacha. Aliyeendelea atazame taa moja ya mbali kila asubuhi kwa macho yote mawili na kuandika ameona ngapi. Akiona mbili siku mbili mfululizo, vikao na mazoezi yote ya macho mawili yasimame na arudi kupimwa. Vikao vikiisha, vipimo virudiwe baada ya juma moja, mwezi mmoja na miezi mitatu, kwa chati na taa zilezile za mwanzo.