Aliyesoma mawe atafuata nini angani?

Mdogo wangu wa Ndosho, unasoma jiolojia na baba mdogo wako anakucheka: safari za anga ni za marubani, wewe wa mawe utafuata nini huko? Acha nikujibu mimi niliyesoma mawe hayo hayo.

Baba mdogo amesema kweli nusu. Harrison Schmitt, mtoto wa mwanajiolojia wa migodi huko New Mexico, alipata udaktari Harvard mwaka 1964. Mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, ikachukua wanasayansi sita, naye akiwemo, na kitu cha kwanza walichomfanyia ni kumpeleka kujifunza kurusha ndege za jeti, mwaka mzima. Ana miaka 30! Kisha akawa anawafundisha marubani kusoma miamba. Wao wanaruka, yeye anabaki. Apollo 18, safari ya mwezini aliyokuwa akiitazamia, ikafutwa. Wanasayansi wakapiga kelele, rubani Joe Engle akatolewa, Schmitt akaingizwa Apollo 17, Desemba 1972. (Engle namwonea huruma mpaka leo, lakini waliamua vema.)

Kwa nini vema? Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nawabebea watafiti mizigo kupanda Nyiragongo, volkano yetu ya Goma. Kule juu mmoja akaniokotea nyuzi za kioo, nyembamba kama nywele: lava inarusha matone, upepo unayavuta, yanapoa kabla hayajatua. Mimi nilikuwa nimezikanyaga safari zote nikidhani ni majani makavu. Nikazitia ndani ya kiberiti, zikavunjika zote kabla sijafika Kibati, chini ya mlima.

Schmitt hakupita tu. Kule mwezini, ukingoni mwa shimo kubwa, kreta ya Shorty, mahali ambapo kila kitu ni kijivu, aliona udongo wa rangi ya chungwa. Akaita kwa sauti, akachimba mtaro mdogo, yeye na mwenzake Cernan wakachota. Maabara ikakuta ni vishanga vya kioo vilivyorushwa na volkano ya mwezini zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Ndugu kabisa wa zile nyuzi zangu! Na vumbi la kule likampiga mafua, kama sisi na vumbi la lava barabarani kila kiangazi.

Kurusha ndege alifundishwa mwaka mmoja. Lile jicho alianza nalo nyumbani kwa baba yake.

Jumamosi naenda kutazama lava ya 2021 upande wa Buhene. Ukitaka kuja, vaa viatu vya soli ngumu, ile kitu inakata.