Maswali ya Wasomaji: Kioo Gani Kifungwe Kwenye Kabati Dogo la Gemu?

SWALI: Fundi, nataka kutengeneza kabati dogo la gemu la kuweka mezani, nicheze Pac-Man, Galaga na Street Fighter II kwa Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Luthuli Avenue nimeona monita za kompyuta za kisogo, inchi 15 na 17. Jirani naye ananiuzia tivi ya kisogo ya inchi 14. Nichukue ipi? Mchoro wa mbao uko tayari, nangoja kukata. – *Msomaji, Umoja*

JIBU: Usikate mbao bado. Kioo ndicho kinachopanga vipimo vya kabati, si kabati linalopanga kioo. Tivi mbili zinazoitwa za inchi 14 zinaweza kupishana sentimita kadhaa kwa kina, na kisogo kikigonga ubao wa nyuma hutakuwa na la kufanya ila kuanza upya.

Kwa gemu ulizotaja, chukua tivi. Mashine za wakati ule zilichora picha ya mistari isiyozidi takriban 240, mara 60 kwa sekunde. Ili kufanya hivyo, mwale ndani ya tyubu (chupa ya kioo yenye kisogo inayoonyesha picha) huvuka kioo karibu mara 15,700 kila sekunde. Ndiyo maana mafundi husema "kioo cha 15 kHz". Tivi ya PAL, mfumo tuliotumia Kenya, huenda mara 15,625, kwa hiyo inaweza kufuata mwendo wa mistari ya gemu hizo. Monita ya kompyuta yenye VGA (tundu la picha la kompyuta za zamani) huanzia 31.5 kHz. Ukiipa 15 kHz, iliyo na ulinzi itakataa na kuandika kwamba mawimbi yako nje ya masafa yake, na ile kuukuu isiyo na ulinzi inaweza kuharibika. Ili ifanye kazi ni lazima kila mstari urudiwe mara mbili, na ukiurudia, ile nafasi nyeusi kati ya mistari, ambayo wachoraji wa gemu waliitegemea kulainisha picha, inapotea. Isitoshe, Pi haina VGA, utahitaji kigeuzi cha HDMI. Monita ina ubora wake: herufi zinasomeka vizuri na picha haitetemi. Kama ungetaka gemu za kompyuta za miaka ya 1990, ningekuambia uichukue.

Sasa, usimlipe jirani kabla ya kuijaribu tivi. Nenda na Pi yako, pawabenki na waya wa AV wenye plagi ya milimita 3.5. Kwenye faili la config.txt, lililo kwenye kadi ya SD ya Pi, andika *sdtv_mode=16* na *sdtv_aspect=1*, na usichomeke HDMI. Hiyo 16 ni NTSC (mfumo wa tivi wa Marekani na Japani) ya mistari 240 isiyopishana, yaani yote huchorwa kwa mkupuo mmoja, tena kwa mara 60 kwa sekunde. Amri hizi zinafanya kazi kwenye mifumo ya gemu za zamani kama RetroPie. Toleo jipya la Raspberry Pi OS huzipuuza. Kuhusu waya, Pi inataka ardhi (GND) iwe pete ya tatu kutoka nchani na picha iwe pete ya mwisho, karibu na mpini. Waya nyingi za kamera zimepangwa vingine. Picha isipotokea kwenye plagi ya njano, jaribu nyekundu au nyeupe kabla ya kumlaumu mtu. Zote tatu zikigoma, ardhi yenyewe iko mahali pasipo pake. Tafuta waya mwingine.

Angalia mambo matatu. Kwanza, picha isizunguke juu-chini na isiwe nyeusi na nyeupe. Ikizunguka, tivi haikubali picha 60 kwa sekunde. Ikikosa rangi, ingia kwenye menyu, tafuta mfumo wa rangi na uweke *Auto* au *NTSC 3.58*. Kama menyu haina NTSC kabisa, mwachie jirani tivi yake. Pili, weka picha nyeupe tupu na uiache robo saa. Nyeupe iwe nyeupe pembe zote. Kivuli cha maandishi yasiyofutika, mfano nembo ya king'amuzi, ni kioo kilichoungua na hakuna dawa. Picha iliyofifia ambayo inahitaji mwanga hadi mwisho ni tyubu iliyochoka. Tatu, na hili watu wengi hawalikumbuki: zima tivi kwenye soketi ya ukuta, kisha washa. Je, inawaka yenyewe na kurudi AV, au inalala ikingoja rimoti? Tivi inayolala itakulazimu kutoboa kabati tundu la rimoti maisha yake yote.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Mitumba mingine imetoka Japani au Marekani na inataka volti 100 au 120. Kwa 240 zetu, saketi ya umeme itakufa papo hapo.

Kuna jambo moja la kuamua kabla ya mbao. Pac-Man na Galaga ni gemu za kusimama: upana nukta 224, urefu 288. Street Fighter II ni ya kulala, 384 kwa 224. Mashine halisi za Pac-Man zilikuwa na kioo kilicholazwa ubavu, kwa hiyo mistari ilikuwa 224 tu. Tivi isipolazwa, urefu wa nukta 288 unabanwa ndani ya mistari 240, na utaona vidonge vya Pac-Man vingine vinene, vingine vyembamba. Tena picha yenyewe inabaki na upana wa sentimita 15 hivi kwenye kioo cha inchi 14. Kama Pac-Man na Galaga ndizo roho ya kabati, ilaze tivi ubavu. Kama ni Street Fighter, iache ilivyo. Kabati la kujaribu kufanya yote mawili lina kioo kinachozungushwa, na kwa tivi ya kilo kumi sikushauri.

SWALI: Kijana wa duka ameniambia ninunue kile kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV, niachane na shida ya waya. Kuna ubaya? – *Msomaji, Kayole*

JIBU: Upo. Viboksi hivyo vimetengenezwa kwa filamu. Hutoa mistari 480 inayopishana nusu kwa nusu, kwa hiyo picha hutetema na ile mistari myeusi haionekani kamwe. Pia hushika picha kidogo kabla ya kuitoa, na kwenye gemu ya kuruka utahisi kitufe kinachelewa. Pi 3 na 4 zina tundu lao la AV, litumie. Kwa Pi 4 ongeza *enable_tvout=1*. Pi 5 haina tundu hilo, ila vituo viwili vya kulehemu waya, kwa hiyo kwa kazi hii Pi kuukuu ndiyo afadhali.

SWALI: Nataka kuvua ganda la plastiki la tivi ili tyubu iingie vizuri kwenye kabati. Nasikia ina umeme hata ikiwa imechomolewa. Ni kweli? – *Msomaji, Kariobangi*

JIBU: Ni kweli, na ushauri wetu ni usilivue. Ukikata ubao wa mbele kwa vipimo vya kioo, ukaufunika kwa rangi nyeusi, fremu ya plastiki haionekani. Ganda la nyuma linakulinda wewe na watoto watakaochungulia.

Ndani kuna hatari tatu. Tyubu ya rangi hushikilia volti elfu ishirini na zaidi, chini ya kile kikombe cha mpira ubavuni. Kapasita kubwa ya umeme wa ukutani hubaki na volti kama 340. Na shingo ya tyubu ni kioo chembamba: ikigongwa hewa inaingia na tyubu imekwisha.

Kama lazima, mlipe fundi wa tivi. Ukiwa fundi mwenyewe, utaratibu ni huu. Chomoa plagi, usitegemee swichi. Chukua bisibisi bapa ndefu yenye mpini wa plastiki, ufunge waya kwenye chuma chake, na upande wa pili uubane kwenye waya wazi uliosukwa unaozunguka mgongo wa tyubu. Usiubane kwenye bodi, utaua saketi. Mkono mmoja uweke nyuma ya mgongo wako. Ingiza ncha taratibu chini ya kikombe mpaka iguse chuma. Unaweza kusikia "pa!" au usisikie kitu. Ngoja dakika chache urudie, kwa sababu tyubu hujikusanyia chaji tena. Ile kapasita kubwa hapo haijaguswa. Ipime kwa mita, na ikiwa na chaji itoe polepole kwa rezista, si kwa bisibisi. Ukibeba tyubu, ibebe kwa mbele, uso ukielekea chini juu ya blanketi. Shingo usiishike hata kidogo.

SWALI: Nimelaza tivi ubavu kama mlivyowahi kusema, sasa kona moja ni ya kijani na nyingine ina zambarau. Imeharibika? – *Msomaji, Kasarani*

JIBU: Haijaharibika. Sumaku ya dunia sasa inapita kwenye tyubu kwa mwelekeo mwingine. Tivi ina koili ya kuondoa sumaku inayofanya kazi sekunde chache tu wakati wa kuwasha, na haifanyi tena mpaka ipoe. Izime kwenye ukuta nusu saa, uiwashe ikiwa imelala hivyo hivyo. Rudia mara mbili tatu. Doa likibaki mahali pamoja, tazama spika: spika za redio ya gari zina sumaku isiyofunikwa, zisogeze mbali na kioo. Angalia pia matundu ya hewa, kwani yale yaliyokuwa juu sasa yako ubavuni. Toboa ubao wa juu na wa chini wa kabati.

SWALI: Kabati langu lina kina cha sentimita 25 tu. Kisogo hakiingii. Nifanyeje? – *Msomaji, Ngara*

JIBU: Tafuta monita bapa ya inchi 17 ya mraba, zile zilizotoka maofisini, yenye nukta 1280 kwa 1024. Ikisimamishwa wima, Pac-Man inaingia mara nne kamili: 896 kwa 1152, kila nukta sawa na mwenzake. Zenye upana wa kisasa ziache, kwani gemu za kulala zitakuachia weusi pande mbili. Hakikisha mgongoni ina matundu manne ya skrubu, milimita 75 au 100 kutoka tundu hadi tundu. Kisha, ukiwa bado dukani, isimamishe wima na uitazame ukiwa mbele yake. Nyingi za aina hii zilitengenezwa kutazamwa zikiwa zimelala, na upande mmoja wa kioo unaweza kuwa mweusi kuliko mwingine. Igeuzie upande wa pili, ulinganishe, na uchague ule unaoonyesha vizuri kabla hujafunga skrubu.