Refarensi zako, umezifungua mwenyewe?

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma masters kaniandikia inboksi, supavaiza kamrudishia chapta ya pili nzima, kisa vyanzo havipatikani. Refarensi alipewa na ChatGPT: mwandishi ana jina zuri, jarida lipo kweli, mwaka upo, ila makala yenyewe hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Nimeshamjibu ila nataka niliseme na hapa, maana sisi wote tunaoitafuta masters na PhD tunapita njia hiyohiyo.

Mimi utafiti wangu ulikuwa wa elimu bila ada. Makala nyingi nilizokuwa nasoma zinasema Tanzania ilifuta ada ya shule ya msingi 2016, huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu mwingine, na ukifuatilia mpaka mwisho hukuti waraka wowote. Nikasema hapana, nautafuta mwenyewe. Ada ya msingi ilishafutwa 2001, kipindi cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndio ulioondoa ada ya sekondari mpaka kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ukiyachanganya uchambuzi wako wote wa idadi ya wanafunzi unapinda!

Nilipolisema hilo kwenye semina ya proposo mhadhiri mmoja alinikatisha mbele ya wenzangu, akasema nabishana na waliosoma kuliko mimi. Iliniuma sana na sijifichi, mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Sikujibu kitu, nikaendelea kukusanya nyaraka zangu. Siku ya difensi mtahini wa nje akagusa palepale, nikafungua faili nikamwonyesha, akatikisa kichwa kukubali na tukasonga mbele. Nilipita na masahihisho madogo tu, na yule mhadhiri alikuwa amekaa humohumo ndani.

Kwa hiyo jamani fungueni vyanzo! Google Scholar ni mahali pa kuanzia tu, kuna AJOL (African Journals Online), tovuti ambayo toka 1998 inaweka majarida ya Afrika, kazi za watu wetu ziko mle na wengi hawaingii. Ukipewa DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10, ibandike doi.org uone inakupeleka wapi, isipofunguka au ikileta makala nyingine usiiguse. Jarida likikutumia imeili kwamba litachapisha kazi yako ndani ya wiki ukilipa, ingia DOAJ kwanza, ile orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa, uangalie kama limo, na likikosekana usiishie hapo, soma makala zake mbili tatu, waulize na walimu wako. Takwimu ya sensa ichukue NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, usiinukuu kutoka gazetini: 2022 tulihesabiwa 61,741,120, kuna wanaoandika milioni 60 na wanaoandika 62.

Na kama kitabu hukukiona, umekiona ndani ya kitabu cha mwenzio, andika hivyo hivyo, kwamba kimenukuliwa na fulani. Ukitumia Zotero, ile programu ya kupanga refarensi, kagua mwandishi akiwa ni wizara au taasisi, uliweke jina zima kwenye sehemu moja, la sivyo linakatwa kama jina la mtu na ukoo wake, na mtahini analiona hilo kabla hajafika ukurasa wa kwanza wa utangulizi.