Una dola 4,000 na miaka 41? Anza kuhesabu miezi yako

Ndugu uliyeuliza toka Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, Kongo; watu wa Nairobi msichangamke), umesema una miaka 41 na dola 4,000, na hujui kama akiba ya uzee uitie kwenye hisa (kununua kipande cha kampuni) au bondi (kuikopesha serikali: inakulipa riba, na tarehe ikifika inakurudishia pesa yako). Mimi nina 58, nilikuwa mtunza bohari wa kampuni moja ya kandarasi za migodini. Nakujibu kwa niliyopitia.

Kabla ya yote nenda CNSS, mfuko wetu wa pensheni za wafanyakazi. Mshahara unakatwa asilimia 5 ya pensheni, mwajiri naye anatoa 5, na ili upate pensheni, ukifika miaka 60 uwe umetimiza miezi 180 ya michango. Nilienda na karatasi zangu za mshahara ndani ya bahasha ya kaki. Karani anasoma mwaka, mimi natoa karatasi. Tulipofika kwa mwajiri wangu wa pili, miezi 26 haikuwepo. Makato yameandikwa, pesa hakuipeleka! Kilichoniokoa ni zile karatasi. Wenzangu waliowashia mbabula (jiko la makaa) karatasi zao wanalia mpaka leo.

Halafu angalia unaweka akiba kwa pesa gani. Marehemu mzee wangu aliweka zaire, pesa yetu ya wakati ule, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. 1993 ikaja zaire mpya: milioni 3 za zamani kwa 1. Akalimwaga kopo mezani, akahesabu mara mbili bila kusema neno, akamtuma mdogo wangu mkate. Chenji haikurudi. Tangu siku ile, mtu akinitajia faida ya asilimia kadhaa, namwuliza kwanza: asilimia ya pesa gani?

Ndiyo maana bondi zangu ni za dola. Tangu 2019 serikali yetu inauza hati za Hazina, ndizo bondi zenyewe, kwa mnada kupitia benki. Zipo za faranga zilizofungwa kwenye thamani ya dola, na baadaye zikaja za dola zenyewe. Riba inaingia, nalala. Ila mtoto akilazwa leo, kumpata wa kukununulia hati kabla ya tarehe yake ni kazi. Na usidhani serikali haishindwi: majirani zetu Zambia walikwama kulipa riba ya bondi zao za dola Novemba 2020.

Hisa? Kongo hatuna soko la hisa. Nilivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, nikafungua akaunti kwa dalali wa Lusaka, kwenye soko lililopo tangu 1994. Gawio (sehemu ya faida ya kampuni) lilikuja, kwa kwacha, pesa ya Zambia. Nilipoligeuza dola nikakuta kwacha imeshuka, faida imeishia njiani. Sijaziuza, lakini usiweke huko pesa ambayo utaihitaji kabla ya miaka kumi.

Ningekuwa wewe, 1,000 ningeziacha karibu kwa ajili ya ugonjwa na karo. 2,000 ningenunulia bondi za dola ambazo tarehe zake zinafika miaka tofauti (uliza benki kiwango cha chini kabla hujapanga). 1,000 za mwisho hisa, kama mkeo anakubali kuzisahau. Likelemba (mchango wa kupokezana) endelea nayo, ila hiyo ni ya mabati, si ya uzee.

Na yule aliyekuahidi asilimia 10 kwa mwezi, uliyemtaja kama mzaha, akikuambia ulete watu wawili, beba kofia yako uondoke.

CNSS nenda asubuhi. Usisahau bahasha.